Kamba ya Kisimani, Kamba ya Mtoni

Asubuhi niliyoondoka Habaswein, mwanangu, ningali naikumbuka vizuri kwa sababu sikuwa na sababu yoyote ya kuondoka. Nilikuwa nimekunywa chai, nikakunja shuka langu, nikatoka nje kusimama kando ya barabara kama mtu anayetazama mawingu. Lori la mbuzi likasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Nikamuuliza dereva anakwenda wapi. Akasema Garissa. Nikapanda nyuma na mbuzi. Mama yangu alipata habari zangu siku tatu baadaye, na katika hilo usinifuate.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alikuwa amechoka na maswali yangu, nami nilikuwa nimechoka na majibu yake. Baada ya hapo nilichunga, nilipakia magari, nilitengeneza redio nikaharibu nyingine, na zaidi ya yote nilivuta maji kisimani. Miaka kumi nilivuta maji. Shika hilo la kisima, nitalirudia.

Nimeanza mbali kwa sababu malalamiko yenu yamenifikia. Nimeambiwa wewe na wenzako mlioingia kikosi cha uokoaji pale mtoni mnasema kwamba mafunzo yamegeuka mateso. Mnafunikwa macho. Mnafungiwa hewa mkiwa chini ya maji. Mnavuliwa mapezi ya kuogelea, mnapigiwa makelele, na Mama Habiba anayewafundisha hacheki. Nimeambiwa pia kwamba mmoja wenu amekwisha kufunga mfuko wake. Kama ni wewe, ufungue kwanza, ukae juu ya kitanda, usome haya mpaka mwisho. Lori lipo kila siku. Halitakukimbia.

Nilifika Garissa saa tisa alasiri, nikashuka hadi mtoni kunawa vumbi. Pale mchangani nikaona watu wanne wamelala chali, wamefungwa vitambaa vyeusi machoni, wanapokezana kipumulio cha mtungi wa hewa kutoka mdomo hadi mdomo. Nilidhani ni wagonjwa. Nikauliza. Aliyenijibu alikuwa mzee mwembamba mwenye kipara, jina lake Komora, mtu wa huko huko mtoni aliyekuwa mzamiaji jeshini miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Mashua ilikuwa imepinduka wakati wa mafuriko, watu wakafa mbele ya macho ya watu, na wanakijiji wakamwomba awafundishe vijana kuzamia na kuokoa. Akanieleza kwa nini wamefungwa macho: maji ya Tana yana rangi ya chai ya maziwa, ukizamisha mkono hadi kiwiko vidole huvioni, basi afadhali mtu azoee giza akiwa nchi kavu. Nikauliza tena. Akajibu. Swali la sita hakulijibu. Alinitupia ncha ya kamba.

"Huyu atanisumbua mpaka jua lizame," akawaambia wale waliolala. "Shika hiyo, angalau mikono yako iwe na kazi."

Ndivyo nilivyopata kazi. Na kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kukumbuka jina langu, nikaitwa Habaswein.

Kati ya wale wanne, mmoja alikuwa mwanamke, Habiba. Alikulia ukingoni mwa mto, akiogelea kwenda shambani ng'ambo tangu hajaota meno ya ukubwani. Alichukuliwa kwa sababu iliyo wazi kwa watu wetu: mwanamke anayezama husita kushikwa na mwanamume asiyemjua, na kusita huko humuua. Tena kama mambo yamekwisha haribika, familia hutaka mwili wa binti yao ushikwe na mwanamke. Habiba alivaa buibui lililofupishwa juu ya nguo ya kuzamia, na kofia ya mpira juu ya ushungi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu alichofunga mguuni. Mimi aliniita Ngamia. Alisema ni mara yake ya kwanza kuona mtu mzima anayeogopa maji yaliyozidi birika.

Mwingine ni Bare, muuza nyama, mtu wa mzaha. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ukingo na rundo la mawe akitazama mamba.

Mzamiaji wa mtoni, mwanangu, hushuka amefungwa kamba, na mtu wa ukingoni hushika ncha yake. Wewe unazijua ishara, ila wengine wanaosoma hawazijui. Mvuto mmoja ni "uko salama?", na mvuto mmoja unaojibu ni "niko salama." Miwili ni "legeza." Minne kutoka juu ni "njoo," na minne kutoka chini ni "nivute." Mwenye kuishika kamba havuti mpaka aombwe minne. Mzee Komora alinifanya nizitaje mpaka nikazitaja usingizini.

"Minne?" akauliza.

"Futa," nikajibu. Ulimi wangu, kama ujuavyo, ndio huu huu.

"Ukisema futa nitakuletea kitambaa."

Bare akanitetea kutoka kwenye mawe yake. "Mwalimu, hiyo herufi haijafika kwetu. Ilibanda gari moja na sisi, ikashuka Modogashe."

Hata Komora alicheka. Kisha akasema ndiyo maana kamba haina herufi: wa Habaswein, wa Hola, wa Mombasa, wote husoma mvuto mmoja sawasawa. Hapo mwalimu wangu alikosea, na hakuna aliyejua, hata mimi.

Ikapita miezi miwili. Siku moja asubuhi Komora alisema leo ni siku ya mambo kuharibika. Ndivyo alivyoziita siku za namna hiyo. Hakuna anayeambiwa kitakachotokea. Yeye mwenyewe aliingia majini na Habiba, kwenye kilindi kilicho chini ya kona ya mto, kina chake kama urefu wa nguzo ya umeme. Mpango wake ulikuwa huu, nami niliujua baadaye: afunge hewa ya Habiba kule gizani, amtoe kipumulio mdomoni, amwache atafute cha akiba kwa kupapasa, huku akitoa mapovu madogo madogo bila kubana pumzi. Na Bare alikuwa ameagizwa kwa siri anitishe mimi wakati huo huo.

Nilikuwa nimesimama, miguu imeachana, kamba mikononi. Mapovu yalikuwa yanapanda vizuri. Ghafla Bare akapiga ukelele: "Mamba! Mamba chini yake!"

Na papo hapo, kutoka chini, nikahisi mvuto. Mmoja.

Kumbuka nilichokuambia ushike. Kwetu kisimani mtu mmoja hushuka chini kujaza ndoo, na wengine hubaki juu. Ndoo ikijaa, aliye chini huvuta kamba mara moja. Mara moja tu. Maana yake ni vuta, na walio juu huvuta kwa mikono yote, kwa mdundo wa wimbo, kwa sababu ngamia mia wanasubiri na jua halisubiri. Miaka kumi mikono yangu ilifanya hivyo.

Nilivuta. Kwa nguvu zangu zote, mkono juu ya mkono, nikampandisha Habiba kutoka kilindini kama ndoo. Alitoka majini akiwa bila kipumulio, miwani imemtoka, damu puani na sikioni, anakohoa hawezi kuvuta hewa. Bare aliruka akamlaza ubavu. Mimi nilikuwa bado nimeishika kamba, nikingoja kusifiwa. Wallahi, nilidhani nimemwokoa na mamba.

Komora hakutokea mara moja. Alikuwa amepokonywa mtu mikononi mwake gizani, bila kujua ni mnyama au ni mimi, na hata hivyo alipanda kwa mwendo uleule anaotufundisha, polepole kuliko mapovu yake. Alipotoka alimwangalia Habiba, akamweka sikio kifuani, akasema apelekwe hospitali.

Siku ile daktari alihofia mapafu. Hewa ya chini ya maji, mwanangu, imebanwa. Ukipandishwa kwa kasi umebana pumzi, inatanuka ndani yako na inaweza kukupasua. Mchana kutwa hatukujua. Mama yake Habiba alikaa mlangoni mwa wodi akihesabu tasbihi, nami nilikaa upande wa pili wa ukumbi, na hakuna kiti nilichowahi kukalia kigumu kama kile. Jua likikaribia kuzama daktari akatoka akasema mapafu yamesalimika. Kiwambo cha sikio kimechanika, kitapona, lakini asiguse maji miezi mitatu.

Kesho yake Komora aliniita mchangani. Nilitegemea matusi. Aliniuliza tu kwa nini nilivuta.

Nikasema kwa sababu ya mamba.

"Kisha ukaimba wimbo gani?"

"Sikuimba, Mwalimu."

Akamgeukia Bare. Bare alikuwa anatazama miguu yake. "Uliimba, walaal, ndugu yangu," akasema. "Ile ya kisima. Hata mimi kidogo niitikie."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimefungua mdomo, nimeimba, na sikujisikia.

"Uliogopa," Komora akasema, "na mikono yako ikarudi nyumbani. Kila mtu ya kwake hurudi nyumbani. Mimi nilikupa kamba bila kukuuliza mikono yako imetoka wapi, na hilo kosa ni langu. Lakini kuanzia sasa unajua, kwa hiyo likirudi litakuwa lako."

Kosa jingine alilolikiri ni lile la neno. Alisema kelele ya uongo ikifanana na ya kweli, siku moja ya kweli itapuuzwa. Hivyo tangu siku ile "mamba" likawa neno la mazoezi, na la kweli likawa "yahaas", neno letu Wasomali la mnyama yuleyule. Mpaka leo liko hivyo. Ukilisikia usilifanyie mzaha.

Mimi nilitoka pale na nia moja, ile iliyonileta: kupanda lori niondoke. Nilikuwa nimekwisha ona lori la kwenda Wajir linapakia unga. Nikaona haja ya kuaga, basi nikachukua maziwa ya ngamia kwenye kidumu, nikaenda hospitali. Habiba alikuwa amekaa kitandani, pamba sikioni. Nilimwomba radhi yeye na mama yake. Mama alinijibu kwa upole ulioniumiza zaidi. Habiba aliutazama mfuko wangu.

"Unasafiri?"

Nikasema nafikiri ni bora wamtafute mtu mwingine wa kamba, mtu asiye na kosa.

"Ngamia, sikiliza kwa upande huu, huku sisikii vizuri siku hizi," akasema, akageuza kichwa. "Hao wengine makosa yao sijui yamejificha wapi. Yatatoka siku nipo chini. Lako nimeshalijua, nimelilipa kwa sikio. Ukipanda lori sasa hivi nitakuwa nimeumia bure."

Kisha akamwambia mama yake apokee maziwa kabla sijaondoka nayo pia.

Lori liliondoka bila mimi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuacha gari liende nikiwa na mfuko mkononi.

Miezi ile mitatu ndiyo shule niliyoimaliza. Kila siku baada ya sala ya alfajiri Komora alikaa nyuma ya kibanda cha mashua na ncha moja ya kamba, mimi upande wa pili na ncha nyingine. Hatukuonana. Alivuta mmoja wakati wowote: nikiwa nakula, nikiwa nabishana na Bare, nikiwa nasinzia. Nikivuta badala ya kujibu, tunaanza upya. Siku za mwanzo nilianza upya mpaka nikachukia jua. Mikono ilikuwa haisikii. Nilijua jibu kichwani, na mikono haikuwa na habari na kichwa.

Baada ya wiki kadhaa Komora alitoka nyuma ya kibanda akatazama nilivyosimama. "Kaa chini," akasema.

Nikauliza kwa nini.

"Kisimani mnavuta mmekaa?"

Hatukai. Kisimani mtu husimama, miguu imeachana. Nikaketi mchangani, magoti yamekunjwa, kamba imelala kiganjani badala ya kukamatwa kwa ngumi. Mvuto mmoja ukaja. Mabega yalishtuka, lakini hayakuwa na mahali pa kushika nguvu. Nikajibu mmoja. Ulikuwa mchezo mdogo tu wa kukaa, na ndio uliofungua mlango. Siku hiyo tulirudia mpaka adhuhuri, na keshoye, na keshokutwa. Bare alipiga kelele zote anazozijua. Alinimwagia maji. Alinitukania ngamia wa babu yangu kwa majina. Nilijibu mmoja kwa mmoja.

Daktari alipomruhusu Habiba, yeye alikuja mtoni akaipitisha kamba mbele ya wote, akaniletea mimi ncha. Alisema tu, "Leo usiniimbie."

Alishuka na Komora kwenye kilindi kile kile. Niliketi. Mapovu yakapanda. Nilikuwa nangoja Bare aseme mamba, maana nilijua atasema.

"Yahaas," Bare akasema.

Hakupiga ukelele. Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka. Niliinua macho nikamwona mamba akiteleza kutoka mchanga wa ng'ambo, mrefu kama mtumbwi, akaingia majini na maji yakafunga juu yake.

Sasa sikiliza, mwanangu, hapa ndipo penyewe. Kila msuli wangu ulitaka kusimama. Nilihisi wimbo umeshafika kwenye meno. Na kutoka chini ukaja mvuto mmoja: uko salama? Habiba hakujua lolote. Nikajibu mmoja. Kisha nikampa minne, njoo.

Bare alikuwa anarusha mawe na mwenzetu mmoja anagonga sufuria kwenye ubavu wa mashua. Sikutazama mto. Nilitazama kiganja changu. Ikaja: mmoja, miwili, mitatu, minne.

Nikaanza kukusanya kamba, kwa mwendo wa mapovu madogo, si zaidi. Kutoka kina kile ni kama dakika moja. Sitakueleza urefu wa dakika ile. Mamba yumo mtoni, hatujui wapi, nami ninazo nguvu za kumtoa yule mwanamke katika mivuto minne, na ninamleta shubiri kwa shubiri. Jasho lilinidondoka kwenye kamba. Nilisema Bismillahi kwa kila shubiri ili mdomo usipate nafasi ya kuimba.

Kichwa cha Habiba kikatokea, kipumulio mdomoni, kisha cha Komora. Waliburutwa mchangani. Mamba alionekana chini sana ya mto, anakwenda zake, kama hakuwa na neno na sisi.

Habiba alivua kofia ya mpira akagusa sikio lake, akatazama kidole. Kikavu. "Bole bole leo," akaniambia, kwa ulimi wangu mwenyewe. Bare alicheka mpaka akakaa chini. Komora hakucheka. Aliichukua kamba, akaikunja, akanirudishia. Ndiyo ilikuwa cheti changu.

Basi huyo ndiye Mama Habiba wako asiyecheka. Anapokufungia hewa anajua vizuri inavyouma, na upande mmoja mpaka leo hasikii sawasawa. Anatafuta kosa lako mahali ambapo yuko karibu nawe kulirekebisha, kabla mto haujalipata kwanza. Kwa hiyo nenda kwake kesho, umwambie mikono yako imetoka wapi. Kama ulikuwa kondakta, mwambie. Kama ulikuwa kipa wa mpira, mwambie. Sema unachokiogopa kwa jina lake. Ukikosea mbele yake, usifunge mfuko. Kaa chini, kwa makalio yako hasa, urudie mpaka mwili uchoke kubisha. Hofu haitakuacha, mimi haijaniacha. Unachoweza ni kuifundisha kazi. Na siku utakayoshika kamba ya mwenzako, jibu kwanza. Kuvuta ngoja uombwe.

Nakuandikia kutoka Bute. Nimefika leo mchana juu ya lori la unga, na magoti yananiambia umri wangu. Wachimba visima wa huku waliomba mtu wa kuwafundisha namna ya kumtoa mwenzao akikwama chini. Mwenye duka, mama mmoja mkarimu, amenipa chumba cha nyuma chenye mkeka, dirisha na ndoo ya maji, na amekataa nikae nje hata kidogo kabla sijanywa chai. Mumewe ni mchimbaji. Hata kabla sijatua mfuko nilimuuliza, adeer, yaani ami, kwenu mvuto mmoja ni nini?

Akanishangaa kama mtu asiyejua kitu. "Mmoja? Ni 'nimekanyaga chini, legeza.'"

Nikacheka peke yangu, nikaketi kwenye mkeka. Kesho asubuhi atashika ncha moja nyuma ya ukuta wake, nami nyingine, na mzee wa miaka hii nitaanza upya.

Mwanangu, Mungu akujaalie pumzi ya kushuka nayo na kurudi nayo. Akupe mwalimu asiyekuonea haya, na mwenzako ukingoni aliyekaa chini. Maji yakikufunika, mkono ulio juu yako na ukujibu. Amin.